Kisiwa cha Mama Wairimu

Uongo wangu wa kwanza kazini niliuandika kwa penseli. Ulikuwa futi mbili na inchi nne.

Naanza hapo makusudi, wajukuu wangu, kwa sababu najua mmechoka na wazee wanaoanza na sifa zao. Nyinyi vijana wa hapa Makongeni mnaoingia kazini mwaka huu mmeniomba niwaandikie nilichojifunza. Sikujifunza mengi. Hayo machache niliyapata kwa kulowa, na moja kati ya hayo lilikaribia kunizamisha.

Miaka ile ya hamsini nilikuwa msoma maji pale Ruiru. Nilikuwa nimetoka kwetu Butere na viatu vya kuazima, nikapata kazi ambayo mkiisikia mtacheka. Ubao mrefu mweupe ulisimamishwa mtoni karibu na daraja, umepigwa mistari myeusi ya futi na inchi. Saa moja asubuhi unashuka, unaangalia maji yamefika mstari gani, unaandika kitabuni. Saa kumi na moja jioni unarudi, unaandika tena. Basi. Wenzangu waliokuwa wakichuma kahawa waliniita Karani wa Vyura.

Asubuhi moja ya mwezi wa saba, na baridi ya Ruiru ya mwezi huo mnaijua, nilijifunika blanketi mpaka kichwani nikajiuliza: mvua haijanyesha, mto utakuwa umekwenda wapi? Nikavuta kitabu, nikaandika namba ya jana. Nikalala tena.

Saa tatu hivi akaja mkubwa wangu, Mzee Mutua. Huyu alikuwa Mkamba wa upande wa Yatta, mfupi, mwenye miguu ya mtu aliyetembea sana, na ndiye aliyewasimamia wasoma maji wote kutoka Ruiru mpaka kule Athi.

"Leo maji ni ngapi?" akauliza.

"Mbili na nne, Mzee."

"Umesoma mwenyewe?"

"Kwa macho yangu haya."

"Njoo unionyeshe."

Tukashuka. Pale penye ubao hapakuwa na ubao. Maji yalikuwa yanapita tu, hayana habari na mtu. Mzee Mutua alikuwa ameung'oa mwenyewe jana yake, baada ya mimi kusoma kipimo cha jioni, akaenda nao kuupaka rangi.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alikaa kwenye jiwe, akatoa ugoro wake, akasema, "Watu watajenga daraja juu ya hiyo namba yako. Siku likianguka na watu, wewe utakuwa umelala."

Nilingoja anifukuze. Badala yake akasema, "Kesho kutwa uje Thika na nguo za kulowa. Tunakwenda kisiwani."

Kisiwa chenyewe kiko Mto Athi, chini ya maporomoko, upande wa huku kwetu ukipita Ngoliba. Mzungu wetu, tuliyemwita Bwana Maji kwa sababu hakuwa na maneno mengine kinywani, alikuwa na ramani ambayo kisiwa kimechorwa kama yai, na ndani ya yai hamna kitu. Hakuna njia, hakuna nyumba, hakuna jina. Alitaka tuvute waya kutoka ukingoni mpaka kisiwani, tuning'inize sanduku la mbao la kubeba mtu, ili mto ukifurika mtu aingie humo, aende mpaka katikati na kupima mwendo wa maji. Bila kisiwa waya ungekuwa mrefu mno. Kwa hiyo mtu alitakiwa aende akaone kama kuna mti wa kufungia.

Tulipanda lori Thika, tukapita mashamba ya mkonge, mistari na mistari mpaka macho yanauma, kisha tukashuka kwa miguu kwenye joto la Ngoliba. Nilipokiona kile kisiwa nilisimama. Kote tulikotoka kulikuwa kukavu, kijivu, miiba. Pale katikati ya maji palikuwa kijani kama kitu kilichosahauliwa na jua. Mikuyu mikubwa, mikindu, nyani wakirukaruka, ndege wamening'iniza viota juu ya maji kwa mamia. Hakuna hata kisiki kimoja kilichokatwa na panga. Mimi mtu wa Butere, nilikozaliwa penye miti, nilipata hamu ya nyumbani.

"Usiangalie juu," Mzee Mutua akaniambia. "Angalia maji. Unaona zile pua?"

Nikaziona. Viboko saba.

"Kiboko hana ugomvi na wewe," akasema. "Ana ugomvi na mtu aliyesimama kati yake na maji. Jua njia yake, umwachie." Akanipa debe na kijiti. Kazi yangu ilikuwa kupiga debe. Yeye akajifunga kamba kiunoni, akaingia na fimbo ndefu, anachokora chini kabla ya kila hatua. Maji yalimfika kifuani. Mimi nilifuata nikipiga debe langu, na naomba muelewe kwamba sijawahi kuomba Mungu nikipiga ngoma namna ile, na nilikuwa nikienda kanisani kila Jumapili.

Upande wa pili tulipita kwenye njia za viboko, zile kama mitaro ndani ya majani. Mara Mzee akasimama. Mbele yetu kulikuwa na matuta ya viazi vitamu, yamepangwa sawasawa. Ukingoni, nduma zenye majani mapana. Akainama, akagusa udongo wa tuta.

"Kiboko hajui kupanda viazi," akasema.

"Simameni hapo hapo!"

Alikuwa mwanamke, panga mkononi, kitambaa kichwani, wa umri wa dada yangu mkubwa. Nyuma ya sketi yake kulikuwa na msichana wa miaka mitano au sita anatuchungulia.

"Nani amewatuma?" akauliza kwa Kiswahili chenye Kikuyu ndani yake.

"Maji, mama," Mzee Mutua akajibu, mikono wazi. "Tumekuja kupima maji."

"Maji ya nani?"

"Ya mto."

"Mto unapimiwa nini? Mnataka kuuuza?"

Mzee akacheka. Nilikuwa sijamwona akicheka. Akakaa chini, papo hapo kwenye majani, kama mgeni anayengoja chai, na mimi nikakaa. Mtu aliyekaa si rahisi kumkata kwa panga. Hilo nalo mlichukue, litawafaa.

Jina lake tulilipata polepole: Mama Wairimu. Mumewe, Kimani, alikuwa mkata mkonge. Siku zile za hali ya hatari askari wa serikali ya kikoloni walikuja wakamchukua pamoja na wanaume wengine, wakampeleka kizuizini, hakujua wapi. Nyumba zao zikachomwa. Wanawake wakaambiwa waende kijiji kile kilichozungushiwa waya na mtaro. Yeye alipofika njia panda akageuka na mtoto mgongoni. Alikuwa akikiona kisiwa alipokuja kuteka maji. Upande wa mbali kulikuwa na mawe ambayo maji yakipungua mtu anavuka akiruka.

"Huogopi viboko?" nikamuuliza.

"Viboko wanapita kushoto, mimi napita kulia. Kule kijijini ningefungiwa kama kuku." Akanitazama vizuri. "Wewe ni Mkavirondo, eh? Mtasema mmeniona?"

Hivyo ndivyo watu wa magharibi tulivyoitwa wakati huo. Nikamwangalia Mzee Mutua. Alikuwa anakula kiazi alichopewa na mtoto.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nageuka nyuma kama mtu anayefuatwa. Mtu wa serikali akijua mahali mtu kama yule amejificha, akanyamaza, ilikuwa jela. Nikamwambia Mzee hivyo.

Akatembea kwanza. Kisha akauliza, "Kitabu chetu kinauliza nini?"

"Urefu wa maji."

"Kinauliza nani anaishi wapi?"

"La."

"Basi tutakijibu kinachouliza."

Ndugu zangu, huyo ni mtu aliyenishusha mpaka mtoni kunionyesha ubao usiokuwepo, kwa sababu ya namba moja ya uongo. Nilidhani kwake ukweli ni kusema kila kitu kwa kila mtu. Siku hiyo nikaona kuna kusema uongo na kuna kutokupayuka, na mtu mzima anajua mpaka ulipo.

Waya ulifungwa baada ya wiki chache. Walikuja vibarua wanane na kebo nene, tukaifunga kwenye mkuyu mkubwa wa kisiwani, na ukingoni kwenye nguzo ya chuma. Sanduku likaning'inizwa kwa magurudumu mawili, na kamba ya mkonge ya kulivuta kutoka kila upande. Kazi ilichukua siku nne, na siku zote hizo Mama Wairimu na mtoto walikaa ncha ya kisiwa, kwenye mikindu. Hakuna kibarua aliyepita huko, kwa sababu Mzee Mutua aliwaambia kuna kiboko mwenye mtoto.

Akaninong'oneza pembeni, "Na yupo kweli. Nimemwona."

Tukapigilia pia ubao wa kipimo kwenye mwamba wa kisiwani. Mzee alipiga banda lake ukingoni, lakini kazi ilimzungusha, alifika pale mara mbili tu kwa wiki. Siku nyingine ubao ulibaki peke yake. Mama Wairimu akamuuliza ile mistari inasema nini. Akamwonyesha. Hakujua kusoma wala kuandika, kwa hiyo Mzee akampa uzi wa mkonge: kila asubuhi uzi mmoja, fundo kubwa ni futi, fundo dogo ni inchi. Akizikusanya anazifunga pamoja kama ufagio mdogo. Mzee akija, anazisoma na kuziandika kitabuni, na kando ya kila namba ya mama anaweka herufi M.

Nilipotumwa huko siku moja nilitaka kuonyesha ukarani wangu. Nikasoma ubao, kisha nikamwomba uzi wake wa asubuhi ile ile. Tukatofautiana inchi moja.

"Umekosea, mama," nikamwambia.

"Aca," akasema, yaani hapana. "Njoo."

Akachuchumaa kwenye mwamba mpaka jicho lake likalingana na maji. Mimi nilikuwa nimesoma nimesimama, kwa juu, kama bwana shamba. Nikachuchumaa. Aliyekosea ni mimi. Tangu siku hiyo sijasoma kipimo chochote nimesimama, hata cha dawa ya kikohozi ya watoto.

Mambo mengine ya kazi aliyonifundisha Mzee ni haya, mniruhusu niyaweke hapa nisije nikasahau. Ukikuta ubao umelowa juu ya mstari wa maji, mto unashuka. Ukikuta ubao mkavu mpaka kwenye maji, jihadhari. Majani mabichi na mavi makavu ya ng'ombe yakipita pamoja, mto umeanza kulamba kingo zake na unapanda. Na mvua inayokuua si hiyo unayoiona. Siku hizi kuna mitambo inayosoma mto yenyewe na kutuma namba kwa simu, na mimi nimeiona na nimeifurahia, kwa sababu mtambo hauna blanketi. Lakini mtambo haukimbii kumwambia jirani.

Mwezi wa kumi na moja mwaka huo huo nilishuka mtoni Ruiru saa moja, kama kawaida. Usiku hatukupata mvua ya maana, manyunyu tu. Lakini mto ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa, ubao mkavu mpaka kwenye maji, na majani mabichi yanapita kwa mafungu. Futi tano. Nikaandika. Sikuondoka. Saa mbili, futi saba. Mvua ilikuwa imemwagika juu kule kwenye matuta ya chai, na maji yale yote yalikuwa na njia moja tu ya kwenda: yaingie Athi, yapite maporomoko, yakute kisiwa.

Mzee alikuwa amenifundisha kwamba maji ya Ruiru ya asubuhi hufika kisiwani jua likianza kuinama. Nikapiga hesabu. Nikaandika namba ya mwisho, nikamwachia kitabu jirani yangu aliyejua kusoma, nikakimbia stesheni. Karani wa stesheni akanipigia simu ofisini Thika kusema mafuriko yanakuja, ili Bwana Maji apate habari, maana siku ya mafuriko ndiyo siku ya mavuno kwa mpimaji. Jambo langu lingine sikuweza kulisema kwenye simu. Nikadandia lori la kahawa.

Mzee Mutua nilimkuta ofisini Thika, amekuja kuleta kitabu, kikombe cha chai mkononi.

"Ngapi?" akauliza aliponiona. Hakunisalimu.

"Saba, na inapanda."

Akaweka kikombe chini kikiwa kimejaa. Tulichukua baiskeli mbili za ofisi na mafungu mawili ya kamba. Kutoka Thika mpaka mtoni nakumbuka vumbi tu, na mgongo wa Mzee mbele yangu, umelowa jasho, haugeuki.

Tulipofika, jua lilikuwa kali na mto umetulia. Mama Wairimu alikuwa anafua nguo kwenye jiwe kule kisiwani. Nikampigia kelele kwamba maji yanakuja, avuke.

Akaangalia mbingu. "Maji gani? Hamwoni jua?"

"Yametoka Ruiru!"

"Ya mwaka jana yalifika kwenye viazi, yakarudi! Nikivuka huko askari wa shamba la mkonge wataniona!"

Alikuwa na haki. Kwa upande wake, sisi tulikuwa tunamwita atoke mahali pekee palipomficha, kwa neno letu tu. Mzee akanitazama. "Wewe ni mwepesi," akasema. Nikaingia kwenye sanduku.

Nilijivuta kwa mikono, waya ukilia juu ya kichwa, na chini yangu maji yalikuwa yameanza kubadilika rangi. Nilipofika nilitaka kumshika mkono. Akaurudisha nyuma. Basi nikakumbuka huyu ni nani.

"Soma ubao, mama," nikamwambia.

Akachuchumaa. Akachomoa uzi, akafunga: mafundo makubwa mawili, madogo matatu. Tukasimama pale tukingoja. Wairimu akanishika suruali. Baada ya muda wa kuchemsha maji ya ugali, nikamwambia asome tena. Akachuchumaa. Kwenye uzi wa pili akafunga makubwa mawili, kisha la tatu. Akaliangalia. Akafunga madogo mawili juu yake. Alipoinuka uso wake ulikuwa mwingine.

"Ngai," akasema, akimwita Mungu. "Wairimu, leta shuka."

Mimi hakuniamini. Aliuamini ubao. Sijapata kuona sifa kubwa zaidi kwa kazi yetu.

Sanduku lilikuwa la mtu mmoja. Nikamweka mama, na mtoto mapajani mwake, nikawafunga kamba, nikampungia Mzee Mutua mkono avute. Kisha maji yakaja. Hayakuja kama ukuta, kama wanavyosema watu. Yalikuja kama mtu anayeingia nyumbani kwake: yakajaza kila pembe, yakapandisha sauti, na ghafla magogo yakaanza kupita. Sanduku lilipofika katikati likasimama. Mzee peke yake hakuweza. Nilimwona amepiga magoti, kamba begani, haisogei.

Hapo gari likafika, la Bwana Maji, na yeye akaruka chini kabla halijasimama vizuri. Alidhani aliye kwenye sanduku ni mimi, napima. Akatupa kofia, akashika kamba nyuma ya Mzee, wakavuta pamoja. Gogo kubwa lenye mizizi lilipita chini yao, mizizi ikakwaruza sanduku, nikasikia mtoto akilia hata juu ya ngurumo ya maji. Wakavuta. Likafika.

Sasa niwaambie habari ya kukaa kisiwani peke yako. Nilikuwa nimeshika mkuyu, maji yananifika vifundoni, kisha magotini, na mbuzi wa Mama Wairimu, alikuwa naye mmoja, amesimama kwenye mzizi akinililia mimi. Ng'ambo niliona Bwana Maji amesimama mbele ya mwanamke aliyelowa na mtoto. Niliona mdomo wake ukienda. Niliona Mzee Mutua akijibu. Sikusikia hata neno. Nikafikiri: wanazungumza, na mimi ninafunikwa. Nikafikiri pia: kama jela ni kavu, nipelekeni jela.

Baadaye Mzee aliniambia maneno yenyewe.

Bwana Maji aliuliza, "Mutua, huyu nani?"

"Huyu ndiye anayesoma maji ya kisiwa, Bwana. Kila siku ambayo mimi sipo."

"Kitabu kinasema wewe. Kuna M kila mahali."

"M ni Mama, Bwana."

"Nilidhani ni Mutua."

"Hukuniuliza, Bwana."

Halafu Mama Wairimu, bila kuulizwa, akatoa zile nyuzi shingoni alikozifunga, akamwekea mkononi. Yule mzungu alizigeuza, akahesabu mafundo kwa kidole, akafungua kitabu, akalinganisha siku moja, ya pili, ya tatu. Mzee alisema alilinganisha kumi na mbili, amesimama kwenye matope, mpaka Mzee alipomwambia, "Bwana, kijana anazama."

Ndipo sanduku likarudi kwangu. Niliingia na mbuzi. Sikuweza kumwacha, alikuwa ameniangalia sana. Nikavushwa nimempakata kama bibi arusi, na nilipofika Bwana Maji aliniangalia mimi, akamwangalia mbuzi, akasema, "Na huyu anasoma nini?" Mzee Mutua akaanza kucheka, mama akacheka, mimi nikalia. Kisha tukapima mafuriko mpaka jioni, sisi wote, na aliyesoma ubao wa ukingoni alikuwa Mama Wairimu, amejifunga shuka lake.

Msidhani mambo yaliishia kwa kicheko. Askari walikuja kesho yake, wakamchukua yeye na mtoto mpaka kijiji cha waya, wakamhoji wiki mbili: nani alimlisha, nani alipita kisiwani, viazi vilikuwa vya nani. Mzee Mutua naye akahojiwa siku nzima, akajibu kila walichouliza. Bwana Maji aliandika barua. Sijui kama ilikuwa huruma. Najua alipenda hesabu zake, na bila yule mama kitabu chake kilikuwa na mashimo. Kilichotoka mwishowe kilikuwa karatasi yenye mhuri, inayomruhusu kutoka kijijini alfajiri na kurudi jioni, kazi: msoma kipimo. Alikuja kunionyesha karatasi ile Ruiru, siku alipotumwa kuchukua rangi ya ubao. Aliishika kwa ncha za vidole kama chapati ya moto.

"Imeandikwa nini hapa?" akaniuliza.

Nikamsomea. Akaniambia nimsomee tena.

Kisiwa kilikuwa kimeoshwa. Kibanda hakikuwepo, viazi hakuna, mwamba na mikuyu tu, na udongo mweusi mpya umetandazwa juu ya kila kitu. Alipanda tena mwezi uleule. Wairimu akaanza shule kijijini, na jioni alikuwa akimfundisha mamake namba kwa kijiti mchangani, mpaka nyuzi zikaachwa na penseli ikachukua mahali pake. Waya wa kile kijiji nao ukaja kuondolewa. Mama akajenga nyumba ukingoni, karibu na nguzo ya chuma.

Miaka miwili hivi baada ya mafuriko nilikuwa Thika sokoni, nikaona mtu mwembamba, koti kubwa kuliko yeye, anawauliza watu habari za wakata mkonge wa zamani. Watu walikuwa wakimpita. Nikasikia akitaja jina la Wairimu.

Nikamwambia, "Wewe ni Kimani."

Alirudi nyuma hatua moja. Watu waliotoka kizuizini hawakupenda kutajwa majina na wasiowajua. Nikamweleza kwamba mkewe yuko mtoni, ni mfanyakazi wa maji, anasoma kipimo.

"Mke wangu hajui kusoma," akasema. Alisema kwa uchungu, kama mtu ambaye amedanganywa tena.

Nikampeleka. Nilimpakia kwenye baiskeli yangu. Tulipofika, Mama Wairimu alikuwa kisiwani, kwenye nduma zake, na mto ulikuwa umejaa vya kutosha kuyafunika mawe. Sikuita mimi. Nilimwachia yeye. Alijaribu mara ya kwanza sauti ikakataa. Mara ya pili ikatoka.

Mama aliinuka. Alikaa vile, jembe mkononi, muda ambao siwezi kuupima. Halafu akalitupa jembe, akakimbia mpaka kwenye mkuyu, akashika kamba.

Kimani aliliangalia lile sanduku na chini yake maji. "Hiki kinashikwa na nini?" akaniuliza.

"Na yule pale," nikamwambia.

Akaingia, akafumba macho, akashika mbao kwa mikono yote miwili. Ng'ambo mkewe aliweka mguu mmoja kwenye mzizi, akaanza kuvuta, kamba ikipita mikononi mwake pole pole, sawasawa, bila kukata. Nilinyoosha mkono nimsaidie kwa upande wangu, nikaurudisha. Hakuhitaji. Alimvuta mumewe juu ya mto mzima peke yake.

Aliposhuka, Kimani hakumkumbatia. Alimshika mikono, akaigeuza, akaangalia viganja vyake vilivyokuwa vigumu kama vya mkata mkonge. Aliviangalia mpaka mama akacheka na kuvificha nyuma.

Mimi nikachukua baiskeli yangu. Nilikuwa na ubao wa kusoma Ruiru saa kumi na moja, na niliufikia.